Maswali ya Wasomaji: Anayeokoa Wengine Naye Apumzishwe

Mvua za masika zinapoingia Dar es Salaam, barua za waokoaji huongezeka mezani kwetu: wazamiaji wa pwani, askari wa zimamoto, vijana wa kujitolea wa bonde la Msimbazi, na watu wa nyumbani kwao. Safari hii ukurasa wote tumewaachia wao. Wanaojibu ni wauguzi wa afya ya akili na wakufunzi wa uokoaji. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Namwona mtoto kila nikilala

*Habari zenu. Kazi yangu ni kuopoa watu baharini, upande wa Kigamboni. Wiki tatu zilizopita tulimtoa mtoto wa miaka kama sita, siku ya pili tangu azame. Tangu hapo nikilala namwona, na saa nane usiku nashtuka nimeloa jasho. Mchana niko sawa, ila mwanangu akiogeshwa kwenye beseni mimi hutoka nje. Wenzangu wanasema nitazoea. Je, naingiwa na wazimu? – Mzamiaji, Kigamboni*

Kaka, pole sana. Huna wazimu. Ubongo uliopata mshtuko huirudia picha ileile kwa sababu bado haujaiweka kwenye mambo yaliyopita. Unaichukulia kama hatari inayoendelea. Mchana shughuli huifunika, usiku inapata nafasi. Kwa watu wengi hali hii hupungua yenyewe ndani ya wiki nne hivi. Ikivuka mwezi na bado inavuruga usingizi, kazi au nyumba, wataalamu huichunguza kama maradhi ya kiwewe, na maradhi hayo yana tiba.

Kwa kuwa uko wiki ya tatu, angalia mwelekeo. Chukua kalenda ya ukutani, utie alama kila usiku unaoshtuka. Alama zikishuka kutoka tano kwa wiki hadi tatu, unapona. Zikibaki palepale au zikiongezeka, usingoje mwezi utimie. Na usingoje hata siku moja kama umeanza kunywa pombe ili ulale, au mawazo ya kufa yanakujia. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ya Temeke kwa mfano, uulize kliniki ya afya ya akili. Muhimbili nako wanayo idara hiyo. Ukifika, anza kwa kutaja kazi yako na tarehe ya tukio: "Naopoa watu baharini, tangu siku fulani silali." Ukisema tu kichwa kinauma na usingizi hauji, utapimwa malaria na presha, majibu yatoke safi, urudi nyumbani na dawa ya maumivu.

Ukishtuka usiku, usibaki umelala ukipambana na ile picha. Kaa kitako, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, washa taa, taja kwa sauti ulipo na leo ni tarehe ngapi. Nawa uso kwa maji baridi. Kisha vuta pumzi kwa puani ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita, kwa dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo. Wengi hukosea hapa kwa kuvuta pumzi kubwa harakaharaka mpaka wanasikia kizunguzungu. Hilo likitokea, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Na kwa kuwa wewe ni mzamiaji, onyo. Zoezi hili ni la nchi kavu. Usithubutu kuhema haraka kwa nguvu kabla ya kuzama bila mtungi ukidhani unajituliza au unaongeza pumzi. Kuhema hivyo hupunguza hewa ukaa kwenye damu, na hiyo ndiyo inayoupa mwili hamu ya kupumua. Hamu ikichelewa, oksijeni inaisha kwanza na mtu anazimia chini ya maji bila dalili yoyote. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo.

Ndoto ikiwa ni ileile kila mara, iandike mchana kwenye daftari, lakini ibadilishe mwisho kwa namna unayotaka wewe: mtoto amefunikwa vizuri, amekabidhiwa kwa mama yake, mmeondoka. Usome mwisho huo mpya na kuuona akilini kwa dakika kumi kila siku, mchana, si kitandani. Ni njia inayotumika kutibu majinamizi, na inahitaji wiki kadhaa kabla hujaona tofauti.

Kuhusu mwanao, usiendelee kutoka nje. Kila ukikimbia, ubongo unajifunza kwamba beseni ni hatari kweli. Leo kaa mlangoni mama yake akimwogesha, moyo ukienda mbio usiondoke mpaka utulie. Kesho sogea. Baada ya siku kadhaa shika wewe kata ya maji.

Wenzako wanaosema utazoea wanakupenda, ila wamekosea. Matukio haya hujilimbikiza kwa mtu asiyeyashughulikia. Kinachosaidia kwa safari zijazo ni kupunguza unachokiona: mwili ufunikwe shuka au uingizwe kwenye mfuko ukiwa bado majini, kabla ya kupandishwa kwenye boti. Anayeopoa asikazie macho uso na mikono, na asipekue mifuko. Simu ya marehemu ikilia, na kwenye kioo limeandikwa jina "Mama", mzamiaji asiipokee wala asilisome jina hilo mara mbili. Iwekwe kwenye mfuko pamoja na vitu vingine, na mtu ambaye hakugusa mwili aikabidhi kwa polisi.

Marashi puani

*Tukienda kutoa miili iliyokaa siku nyingi tunapaka marashi au dawa ya kifua chini ya pua. Kuna tatizo? – Askari, Kinondoni*

Lipo. Harufu hushikamana sana na kumbukumbu. Marashi hayaifuti harufu ya mwili, yanachanganyika nayo, na miezi sita baadaye ukiwa harusini mtu akapita amejipulizia marashi hayohayo, unarudi ulikokuwa. Tumia barakoa inayobana vizuri, kaa upande upepo unakotokea, na fanyeni zamu fupi. Ukirudi, oga kwa sabuni na ubadilishe nguo kabla ya kwenda nyumbani. Miili ya waliokufa kwa ajali au mafuriko kwa kawaida haileti magonjwa ya mlipuko, hivyo glavu, buti na kunawa vinakutosha. Hofu ya kuambukizwa isiwe mzigo wa pili.

Nimlazimishe kila mmoja aeleze?

*Habari za kazi. Mimi ni kiongozi wa kikosi, Ilala. Baada ya tukio kubwa nakusanya vijana, kila mmoja anasimama kueleza alichoona na alivyojisikia. Nilifundishwa hivyo kozini. Safari hii wawili wamegoma, na mmoja aliyeeleza alilia sana na hajarudi kazini. Niendelee? – Kiongozi, Ilala*

Afande, acha kuwalazimisha. Nia yako ni njema na kozi ilikufundisha kilichokuwa kinaaminiwa. Utaratibu wa namna hiyo ulienea kutoka Marekani tangu miaka ya 1980, lakini tafiti zilipokusanywa na kulinganishwa hazikuonyesha kwamba kikao kimoja cha kueleza yote kinazuia kiwewe, na baadhi ya waliopitishwa humo waliendelea vibaya zaidi. Shirika la Afya Duniani haliupendekezi. Sababu mojawapo inaeleweka hata bila tafiti: kijana aliyekuwa ameshika kamba nje anasikia kwa kina alichoona mwenzake aliyekuwa ndani, na sasa picha hiyo ni yake pia. Waliogoma walikuwa na haki ya kugoma, na uwaambie hivyo. Yule ambaye hajarudi, mfuate nyumbani wewe mwenyewe, bila faili mkononi.

Badala yake fanya kikao cha kufunga kazi, dakika kumi na tano, kituoni, watu wakiwa wamekunywa maji na kuweka kitu tumboni. Eleza kwa kifupi kilichofanyika na kilichotokea, ili mtu asiende nyumbani na uvumi. Uliza nani ameumia mwili. Waambie wazi kwamba siku tatu nne zijazo wengine watakosa usingizi, watakuwa na hasira za karibu, au hawatasikia chochote kabisa, na kwamba hayo ni ya kawaida. Panga nani anaondoka na nani. Taja zamu ijayo. Basi. Hakuna kuulizana "ulijisikiaje" mbele ya watu. Anayetaka kuzungumza abaki na mtu mmoja anayemwamini, naye asikilizwe bila kukatizwa na bila kuambiwa "wewe mwanaume, kaza moyo".

Kikao cha ufundi, kile cha kwa nini kamba ilichelewa au redio haikusikika, kifanyike siku nyingine, watu wakiwa wamelala. Ukivichanganya vyote viwili, anayelaumiwa kwa kamba ataondoka akiamini ameua mtu.

Siku ya tatu mtafute kila mmoja peke yake kwa dakika chache, na tena baada ya mwezi. Usiku ule wa kwanza karibu wote husema "niko poa", kwa sababu mwili bado umechemka. Dalili zinajitokeza baadaye, na wengi wanazificha kwa kuomba zamu nyingi zaidi. Huyo anayeomba kila zamu mwangalie kwa makini kuliko anayelalamika.

Kuna kipimo chepesi kilichotoka kwa wanamaji wa Marekani na kuchukuliwa na waokoaji wa milimani huko: rangi nne. Kijani, mtu yuko sawa, analala na anacheka. Njano, usingizi unakatikakatika, hasira iko karibu, lakini akipumzika anarudi. Chungwa, ni wiki kadhaa sasa, hajali tena, anakwepa watu au mahali, makosa madogo yanaongezeka. Nyekundu, hawezi kazi wala nyumba. Mwanzo wa zamu kila mmoja ataje rangi yake kwa neno moja, na wewe uwe wa kwanza. Kiongozi akiwa kijani siku 365, hakuna atakayesema kweli. Wa njano mpe kazi nyepesi siku hiyo na usiku wa kulala. Wa chungwa asitumwe hospitali peke yake. Msindikize, maana atafika mlangoni na kugeuza. Wa nyekundu haingii zamu. Jambo moja lazima ulilinde kwa mikono miwili: anayesema njano asipoteze posho wala kusemwa. Ukimwadhibu mmoja tu, kikosi kizima kitakuwa kijani mpaka mtu aanguke.

Kwenye tukio lenyewe, panga mambo ambayo ujasiri hauwezi kuyafidia. Kwenye kifusi, chini ya jua la Dar, nusu saa kazini na robo saa kivulini, na kila dakika 15 hadi 20 robo lita ya maji, hata mtu asiposikia kiu. Wape kazi wawili wawili, mgeni na mzoefu. Mwenye mtoto wa umri ule ule asipewe kubeba mwili wa mtoto, kama kuna mwingine. Wasiohitajika wasogezwe mahali ambapo hawaoni. Na usiwaache wapande bodaboda kwenda Chanika au Bunju baada ya kukesha: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anachelewa kushika breki kama aliyekunywa pombe. Apelekwe na gari la kikosi, au alale kituoni kwanza, hata kwa muda wa saa moja na nusu tu.

Nimeanza kuwachukia tunaowaokoa

*Shikamooni. Najitolea kuokoa watu kwenye mafuriko, Kigogo na Jangwani. Kila mwaka ni nyumba zilezile, watu walewale juu ya mabati. Mwaka huu nilimfokea bibi mmoja. Siku zile nilikuwa nawahurumia, sasa nasikia hasira tu. Nimekuwa mtu mbaya? – Kijana wa kujitolea, Kigogo*

Marahaba, mwanetu. Hujawa mtu mbaya. Huruma nayo huchoka ikitumika bila kupumzishwa, na dalili yake ya kwanza ndiyo hiyo: hasira kwa yule unayemsaidia, pamoja na kuona kazi yako haina maana. Anayeumia kwa kumfokea bibi bado huruma anayo.

Hasira yako inalishwa na swali moja: kwa nini wanarudi? Jibu lake linasaidia. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bondeni zilipelekwa Mabwepande, mbali na mji. Anayeuza mboga au kubeba mizigo Kariakoo akihamia huko, nauli na saa za barabarani zinamla mtaji. Bibi yule hakudharau kazi yako. Amepima mto upande mmoja na njaa upande wa pili.

Kwa vitendo, mwambie kiongozi wako akutoe kwenye kubeba watu kwa wiki mbili akuweke kwenye orodha za kambi, maboya au ugawaji wa maji. Wiki moja katika kila mwezi wa mvua usiwe kwenye orodha ya kuitwa kabisa, na simu ya kundi uizime siku hizo. Kiangazi, pita nyumba chache mlizookoa, ukiwa huna kamba wala boya. Wakikukaribisha chai, kunywa. Unahitaji kuwaona watu wale wakiwa wakavu, wakiwa na majina. Na bibi yule, ukiweza kumpata, mwombe radhi.

Sauti ya mama chini ya kifusi

*Mimi ni machinga. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 niliingia kufukua kwa mikono. Chini kulikuwa na mama anaita. Kisha tukaambiwa tuondoke, wakaingia watu wenye vifaa. Sijui kama alitoka. Mpaka leo nikisikia katapila natetemeka, na ninapita mbali na mtaa ule. Najiona nilimwacha. – Mfanyabiashara, Kariakoo*

Ndugu yetu, hukumwacha, na tukueleze kwa nini mlitolewa. Jengo la ghorofa likilala, vipande vyake vinashikiliana kwa mizani ndogo sana, na chini hubaki mapango ambamo watu wanapumua. Kila mguu unaokanyaga juu unasukuma uzito kwenye mapango hayo. Pili, kumsikia aliyenaswa kunahitaji ukimya: watu wote wanasimama, injini zinazimwa, mmoja anagonga na kungoja jibu. Umati ukiwa juu, hata wenye mapenzi kama yako, sauti inapotea. Kuondoka kwenu kulikuwa sehemu ya kumtafuta yule mama. Na saa zile za kwanza kabla ya vifaa kufika, katika majanga mengi, wanaotoa watu wengi walio karibu na juu ni majirani wenye mikono mitupu, watu kama wewe.

Lakini kujua hayo hakutazima kutetemeka. Muda umekwenda sana na unakwepa mtaa unaokupa riziki. Hiyo imekwisha kuwa jeraha linalohitaji tiba. Kutokuwa mwajiriwa wa kikosi chochote hakukunyimi haki ya kwenda. Kuna tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, mara nyingi vikao 8 hadi 12, ambamo unarudi kwenye tukio hatua kwa hatua ukiwa na mtaalamu, pamoja na mtaa na sauti ya katapila. Vikao vya mwanzo huwa vizito na wengi huacha kwenye cha pili au cha tatu wakidhani wanazidi kuharibika. Vumilia ufike cha tano, na mwambie mtaalamu kila kinachokuzidi.

Mume wangu amenyamaza

*Mume wangu ni mwokoaji. Tangu Januari hazungumzi, anakunywa kila jioni, juzi alisema "bora ningeenda mimi". Nikimuuliza kazi ilikuwaje anawaka. – Mke, Mbagala*

Dada, tuanze na maneno yale ya juzi. Usiyapite. Mkae mkiwa wawili, watoto wamelala, hajanywa, umuulize wazi: "Baba fulani, unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi hupata nafuu mtu anapothubutu kulitaja. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutisha, usimwache peke yake. Ondoa kamba, sumu ya panya, dawa na visu vilivyo karibu, mwite kaka yake au rafiki anayemheshimu, na mwende hospitali kitengo cha dharura usiku huohuo. Msingojee asubuhi.

Akisema hapana, bado anahitaji kuonwa ndani ya wiki hii. Acha kumuuliza kazi ilikuwaje. Mwambie unachokiona, bila lawama: "Naona hulali, naona chupa zimeongezeka, naogopa." Kisha toa jambo moja dogo: "Alhamisi tunakwenda pamoja, mimi nitakaa nje." Pombe inamlaza haraka, ila usiku wa manane inamwamsha na ndoto zinarudi kali zaidi, ndiyo maana kiasi kinapanda. Kama ni ya kila siku na ni nyingi, asiikate ghafla bila daktari, maana anaweza kupata degedege. Na wewe mwenyewe tafuta mtu wa kumweleza. Akikupiga au akikutisha, toka na watoto kwanza. Ugonjwa wake haukuwajibishi kuvumilia kipigo.

Kidonge cha usingizi baada ya zamu

*Natoka zamu ya usiku asubuhi, nameza diazepam ninayonunua duka la dawa ili nilale, jioni naingia tena kwenye boti. Ni miezi miwili. Kuna ubaya? – Mwokoaji wa majini, Kunduchi*

Upo, na mkubwa. Diazepam haimalizwi na usingizi wa mchana mmoja. Inakaa mwilini zaidi ya siku, na ya leo inakutana na ya jana. Jioni unajiona mzima huku mikono na maamuzi yamechelewa, kwenye boti yenye injini. Ikikutana na pombe inaweza kuzuia pumzi. Kwa misukosuko ya mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha, Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi hili zisitolewe.

Hata hivyo, usiache ghafla. Baada ya miezi miwili mwili umeizoea, na kuikata kwa siku moja kunaweza kuleta degedege. Nenda kwa daktari na pakiti mkononi, akupangie kupunguza kidogokidogo. Wakati huo vaa miwani ya jua ukitoka kazini, mwanga wa asubuhi usikuamshe. Funika dirisha kwa blanketi zito, washa feni izibe kelele za mtaani, simu ibaki chumba kingine, na kahawa ya mwisho uinywe yakiwa yamebaki masaa matano au sita kabla hujatoka zamu. Kabla ya kuingia kazini lala dakika 20. Mwambie nahodha wako leo, asikie kwako kabla hajasikia kwa wengine, na mpaka daktari akuruhusu kazi yako iwe nchi kavu: kukagua maboya, kushika redio, na kuipokea boti ikirudi.